Mwalimu wa Kamera

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima zote na kwa masikitiko ya kiwango cha kati, kwamba mwanamume mmoja wa makamo, mkaguzi wa chupa katika kiwanda cha soda, mume wa mke mmoja, baba wa watoto watatu na mmiliki halali wa baiskeli isiyo na kengele, amefikiwa na maendeleo. Maendeleo yalimkuta kazini, ameketi. Jamii inaombwa itulie na iendelee na shughuli zake. Mwenye maoni juu ya nini kifanyike ayaandike, atoe nakala tatu, azipeleke dirisha namba nne, ambalo hufunguliwa siku ya Ijumaa mhusika akiwepo. Mhusika yuko semina.

Kazini walimwita Jicho. Alikuwa na jina lake kamili, limeandikwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, lakini tangu mwaka wa pili hakuna aliyejisumbua kulisoma, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo hospitalini alikuwa anageuka kutazama nani anaitwa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Chupa tupu zinarudi kutoka madukani zikiwa na kila aina ya takataka ambazo binadamu anaona zinafaa kutumbukizwa kwenye chupa. Zinaingia kwenye mashine ya kuoshea, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, zinatokea upande wa pili zinameremeta, zinapanda mkanda, na kabla hazijafika zinakojazwa soda zinapita mbele ya kioo cheupe chenye taa nyuma yake. Mbele ya kioo kuna kiti. Kwenye kiti hicho Jicho alikaa miaka ishirini na sita, chupa mia mbili kwa dakika, akizitoa zile ambazo mashine ya kuoshea imeshindwa kuzitakasa. Aliishika chupa shingoni kwa vidole viwili, akaichomoa kwenye msafara bila kuzigusa jirani zake, akaitupa kwenye pipa lililokuwa mkono wa kulia. Alishatoa vipande vya mirija, vizibo, njiti, chingamu, pete ya ndoa, na safari moja jino la bandia. Lile jino walilibandika kwenye ubao wa matangazo mwezi mzima na mwenyewe hakujitokeza.

Ukimuuliza anaonaje, alikujibu, "Siangalii chupa. Naangalia mwanga. Uchafu wenyewe ndio unaniita."

Sheria ya kiti ni dakika ishirini. Zikizidi hapo jicho linaanza uongo, linakuonyesha chupa hata ukifumba. Kwa hiyo walikuwa wawili wakipokezana, yeye na Mama Pacha, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, ambaye wale pacha wake walishaota ndevu lakini jina lilikuwa limegoma kumwachia. Anayepumzika alikaa kwenye kreti lililopinduliwa, akampigia soga anayeangalia. Kwa mtindo huo walikuwa wameongea miaka kumi na minane bila kutazamana usoni.

Nyumbani kazi ilimfuata kama harufu ya kitunguu. Jicho hakunywa maji kabla ya kuinua glasi dirishani na kuizungusha. Alifanya hivyo kwake, akafanya kwa majirani, akafanya hata nyumbani kwa kaka wa mkewe, mbele ya watu, na glasi zilikuwa mpya. Mkewe alimfinya paja hadi paja likazoea.

"Baba watoto," alimwambia njiani, "siku moja utapewa maji na rais, uyapige mwanga."

"Rais naye anaoshewa vyombo na mtu," Jicho alijibu.

*

Kamera ililetwa Jumatatu kwenye sanduku lililoandikwa pande zote kwamba lisigeuzwe. Waliligeuza mara mbili, na kwa bahati mbaya haikuharibika.

Meneja aliwakusanya kwenye bwalo la chakula. Alikuwa mtu mpole, wa yale mashati yasiyokunjamana, na habari mbaya aliitoa kwa sauti ya kukukaribisha chai.

"Ndugu zangu, kiwanda kinasonga mbele. Na katika safari hii, nawahakikishia, hakuna atakayeachwa nyuma."

"Kwani tunakwenda wapi?" aliuliza Mama Pacha.

Watu walicheka. Meneja naye alicheka kidogo, ili ionekane ni jambo la pamoja. "Mama, kamera haikuja kumnyang'anya mtu kazi. Imekuja kumsaidia Jicho."

"Na mimi?"

"Wewe utasaidiwa kupumzika."

Barua yake ya kupumzika ilitoka Jumatano, imeandikwa vizuri, haina hata kosa moja la herufi. Kamera haichoki, kwa hiyo hakuna wa kupokezana naye. Mama Pacha angebaki wiki nne za kuifundisha kamera, basi. Jicho, kwa kuwa ndiye mkongwe, aliitwa ofisini peke yake.

"Mzee wangu, nitakuwa mkweli," Meneja alisema. "Mwezi huu utaifundisha. Mwezi unaofuata itakaguliwa: itafanya kazi, wewe utakaa pembeni uitazame. Katika mwezi huo ikipitisha chupa chafu, hata moja, nitakuwa na hoja ya kuwaambia wakubwa kwamba pale panahitajika mtu. Kiti kitabaki na wewe utakikalia mpaka ustaafu. Isipokosea..." Alifungua mikono kama mtu anayeachia njiwa.

"Hata moja?" Jicho aliuliza.

"Hata moja."

Jicho alitoka ofisini akitabasamu. Miaka ishirini na sita alikuwa anajua jambo ambalo Meneja halijui: hakuna aliye mkamilifu mbele ya kile kioo. Yeye mwenyewe, na sifa zote hizo, alipitisha chupa mbili tatu kwa mwaka. Mashine ingepitisha kumi. Kiti chake alikiona kimesimama imara kama mlingoti.

Aliyekuja kuifunga kamera alikuwa Injinia, binti wa umri wa binti yake wa kwanza, mwenye mabuti makubwa kuliko miguu. Alijitambulisha, akavuta lile kreti la Mama Pacha, akakaa, akafungua kompyuta mapajani.

"Mimi nimesoma vitabuni tu, mwalimu," alisema. "Wewe ndiye unayejua. Nimekuja unifundishe."

Mwalimu. Hakuna aliyewahi kumwita Jicho mwalimu. Watu husema mtu akisifiwa kwa hila amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Basi huyu alikuwa mtu aliyeshika migongo ya chupa maisha yake yote, na bado hakuhisi kitu zaidi ya mafuta. Ubaya wenyewe ni kwamba yule binti hakuwa na hila. Alimaanisha. Aliandika kila alichosema, hata pale alipokuwa anakohoa.

Kuifundisha kamera hakukuhitaji somo lolote. Ilining'inizwa juu ya mkanda ikawa inatazama mkono wa Jicho. Chupa ambayo mkono umeitoa, kamera iliipiga picha ikaiandika chafu. Chupa ambayo mkono umeiacha, iliiandika safi. Alichotakiwa ni kufanya kazi yake kama siku zote. Kadiri alivyoifanya vizuri, ndivyo alivyojiondoa.

Hilo alilielewa wiki ya tatu, na aliyemwelewesha ni Mama Pacha.

"Kaka, wewe unachimba shimo na kila jioni unaulizwa linatosha, unalala ndani unapima."

"Injinia anasema bado ina upungufu. Uchafu wa kawaida inaujua. Wa nadra haijauona vya kutosha."

"Basi isiuone," alisema Mama Pacha. "Ifundishe ujinga. Chupa chafu ikija, iache ipite. Kamera itaandika kwamba kizibo ndani ya chupa ni usafi. Siku ya mtihani itavipitisha vyote, na wewe una kiti chako."

"Halafu mtu anywe kizibo?"

"Mimi nitasimama kule mbele, kabla hazijafika kwenye kujazwa. Wewe iache, mimi naidaka. Kamera haioni kule."

Jicho alikagua chupa kama elfu moja hivi. "Na wewe unapata nini? Barua unayo mkononi."

"Ndiyo maana," alisema Mama Pacha. "Sina cha kupoteza, nimebaki na muda tu."

*

Waliifanya Alhamisi, asubuhi, Injinia akiwa amekwenda ofisini kwa simu. Mama Pacha alikuwa ameandaa chupa nane nyumbani kwake kwa ufundi wa mtu anayepika kwa ajili ya wageni. Moja alitia kijiti cha kiberiti kikalala upande ambao mwanga haukitendei haki. Moja ilikuwa na utando wa buibui tu, bila buibui. Nyingine alibandika ndani yake karatasi ya plastiki isiyo na rangi, kitu ambacho hata mtu wa kuambiwa angekitafuta dakika nzima. Ilikuwepo na ya kizibo kilichogandia kitako, na ya ukungu, na ya mchanga kidogo, na ya unywele mmoja. Ya nane alitia kitufe cha blauzi yake. Alizichomeka moja moja kwenye msafara pale zinapotokea kwenye kuoshwa, halafu akakimbilia kule mbele, akasimama tayari kudaka.

Jicho alikaa. Alikuwa amejiandaa tangu nyumbani. Njia nzima kwenye baiskeli alikuwa anajiambia: acha, acha, acha. Aliuweka mkono wa kulia chini ya paja la kulia, akaukalia.

Ikaja ya kijiti cha kiberiti. Mwanga ulipofika kwenye kijiti ulikatika kwa kiasi cha unene wa kucha, na mkono wa Jicho ulitoka chini ya paja, ukaenda, ukaishika chupa shingoni kwa vidole viwili, ukaichomoa, ukaitupa pipani. Yeye mwenyewe aliutazama ukienda kama mtu anayemtazama mbuzi wake akiingia shamba la jirani.

"Acha," aliuambia mkono.

Ikaja ya buibui. Ukaenda.

Aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ikaja ile ya karatasi isiyo na rangi, ambayo Mama Pacha aliapa hakuna mama aliyezaa mtu wa kuiona. Mkono wa kulia uliposhikwa, wa kushoto ulimwachia mwenzake ukaenda wenyewe, ingawa haukuwahi kufanya kazi hiyo tangu aajiriwe. Alifumba macho kwa ile ya nne, akafumbua mapema mno. Kufikia ya sita alikuwa anatokwa jasho, anasema "Mungu wangu" polepole, na mikono yote miwili inafanya kazi kwa kushirikiana.

Zote nane. Kule mbele Mama Pacha alisimama na mikono imetandazwa kama golikipa wa timu ambayo wapinzani wake hawakutokea uwanjani. Aliporudi alichungulia kwenye pipa, akazitambua chupa zake moja baada ya nyingine, akaokota kitufe chake.

"Hata ya unywele," alisema.

"Hata ya unywele," Jicho alikiri.

"Kaka, wewe ni mgonjwa."

Mchana Injinia alirudi, akafungua kompyuta, akaisoma, kisha akamshika Jicho bega. Macho yalikuwa yamemlegea kwa furaha.

"Mwalimu, leo umefanya nini? Mifano ya nadra yote niliyokuwa naikosa imekuja kwa siku moja. Nilikuwa nimeandika ripoti kwamba tunahitaji miezi mitatu zaidi. Hata hii ya karatasi ya plastiki, unajua ningeipata wapi?"

"Sijui," alisema Jicho.

Mama Pacha alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka njia nzima ya kwenda getini siku yake ya mwisho, wiki moja baadaye, na pale getini ndipo alipoacha. "Umeifundisha vizuri, kaka," alisema, akaondoka, na Jicho alibaki na sentensi hiyo kama mwiba ulioingia ukavunjikia ndani.

*

Mwezi wa ukaguzi ulianza, na jamii nayo iliamka.

Kaka wa mkewe, yule wa glasi mpya, alikuwa katibu wa Kamati ya Mtaa ya Kupokea Mabadiliko. Kamati ilikuwa imekaa vikao kumi na moja, tisa kati ya hivyo kuhusu jina la kamati. Shemeji huyo alikuwa mtu wa kusoma mambo kwenye simu na kuyahutubia kabla hayajamaliza kufunguka. Alikuja Jumamosi, akakaa, akapewa maji, akasubiri kwa makusudi Jicho ayatazame kwanza.

"Shemeji," alisema, "jamii haiwezi kukaa kimya. Suala la mashine kuchukua ajira ni suala la jamii nzima."

"Vizuri," alisema Jicho. "Itafanya nini?"

"Inakuandalia mafunzo."

"Ya nini?"

"Ya kujiongeza."

Mke wa Jicho alikuwa anachambua mchele sebuleni, na uzuri wa kuchambua mchele ni kwamba unaweza kusema mambo makali bila kuinua uso. "Kaka," alisema, "ile kamera inafanya kazi ya watu wawili, na soda haijashuka bei. Ule mshahara wa Mama Pacha umekwenda mfuko gani? Kamati yenu ikamuulize mwenye mfuko. Amtolee Mama Pacha kidogo kila mwezi mpaka apate pa kushika. Hilo halihitaji mafunzo."

Shemeji alikunja uso kama mtu aliyeambiwa avue viatu. "Dada, hayo ni mambo ya kisera."

"Ndiyo, sera. Mnayo?"

"Tunayo kamati."

Jicho alikwenda mafunzoni siku tatu, kwa heshima ya mkewe. Walikuwa ishirini na wawili: waliokuwa wakikata tiketi, waliokuwa wakipokea simu, mmoja aliyekuwa akisoma mita za umeme na ambaye bado alitembea ameinamisha kichwa upande. Kompyuta ilikuwa moja, na ilikuwa ya mtoa mada. Mtoa mada aliwaambia watu wote waliotajirika walianza kwa kupoteza kazi, akawaomba wafumbe macho wajione miaka kumi ijayo. Jicho alifumba, akaona chupa.

Siku ya mwisho walipewa fomu. Penye *Ujuzi ulionao* aliandika: kuona. Penye *Je, ujuzi wako unaweza kuhamishika?* alifikiri muda mrefu kisha akaandika: ulishahamishwa.

Kiwandani alikaa pembeni ya mkanda bila kazi, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Kamera ilitazama. Ikiona chafu, kibomba kidogo cha hewa kilifanya *pyu*, chupa ikaangukia pipani. Hakuna kidole kilichoigusa. Siku za mwanzo Jicho alijibu kila *pyu* kwa mshtuko wa bega, na mara zote bega lilikuwa limechelewa kidogo.

Aliisubiri ikosee. Alisimama kule mbele aliposimama Mama Pacha, akakodoa macho saa nzima, akapumzika dakika ishirini, akarudi. Hakuna. Akahamia pipani: labda inatupa nzima. Alizipekua kwa mamia. Siku moja aliipata! Chupa safi, haina kitu, imetupwa bure. Aliiinua kwenye mwanga, akaizungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akaona ufa shingoni, mwembamba kama wazo, ambao yeye, akiwa kwenye kiti, asubuhi, amelala vizuri, angeuacha upite. Aliirudisha chupa pipani taratibu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu hawajavaa.

Wiki ya tatu alianza kutafuta madukani. Akitoka kazini alisimamisha baiskeli kwenye kila duka la njiani, akaomba soda nyeupe, akaiinua juani.

"Mzee, unanunua au unaipiga eksirei?" mwenye duka mmoja alimuuliza.

"Naangalia."

"Ukiipata ina kifua kikuu niambie."

Alinunua kidogo, kwa aibu, akazinywa. Mkewe alimwambia tumbo limeanza kulia kama mtungi. Hakupata hata punje ya mchanga.

Alimpitia Mama Pacha Jumapili moja mchana. Alimkuta uani kwa watu, anafua mashuka, povu hadi viwikoni. Mwenye nyumba alikuwa na mashine ya kufulia, ila ilikuwa imeharibika.

"Niombee isipone," Mama Pacha alisema. "Kiti chako kikoje?"

"Zimebaki siku tisa."

"Imekosea?"

"Bado."

Mama Pacha alikamua shuka mpaka likapiga kelele. "Ningekuwa bado mle ndani, kile kitufe ningekitumbukiza mwenyewe," alisema. "Ila ingekiona. Sijui ni nani aliyeifundisha."

Injinia alikuwa anakuja mara moja kwa wiki. Alikuwa ameacha kumtazama usoni. "Mwalimu, nimewaambia wakuwekee nafasi hata isipokosea," alisema siku moja, akikaza nati ambayo tayari ilikuwa imekaza. "Wamesema wataangalia."

"Watu wa kuangalia si wamepunguzwa?" Jicho alisema, na wote wawili walicheka, halafu hakuna aliyejua namna ya kumaliza kile kicheko.

*

Siku ya mwisho ya ukaguzi iliangukia kwenye sherehe, au sherehe iliangushiwa juu yake. Kiwanda na Kamati ya Mtaa viliungana kufanya kongamano kwenye lile bwalo, mada ikiwa *Jamii na Mfanyakazi Katika Zama za Mashine*. Palikuwa na kitambaa kwenye meza kuu, maua ya plastiki, na mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja mwenye mwili mkubwa na kalamu mbili mfukoni. Shemeji ndiye aliyeshika kipaza sauti. Jicho alivalishwa shati jeupe lenye maandishi kifuani, MWALIMU WA KAMERA, na akawekwa meza kuu, mwisho kabisa, karibu na dirisha.

Meneja alimwinamia sikioni. "Mzee wangu, ukaguzi unafungwa saa sita. Mpaka sasa, hakuna iliyopita. Nasikitika. Hizo hapo nyuma yako ndizo za leo asubuhi, za mwisho."

Nyuma yake, chini ya dirisha, yalipangwa makreti matatu ya soda nyeupe, za kunywesha wageni. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini. Hata moja, Meneja alikuwa amesema, na Meneja alikuwa mtu wa kushika neno lake, ilimradi halimgharimu.

Mgeni rasmi alisimama, akashukuru itifaki, akaanza. Jicho aligeuza kiti kidogo, akachomoa chupa ya kwanza, akaiinua dirishani, akaizungusha, akairudisha. Akachukua ya pili.

"Kwanza," alisema mgeni rasmi, "jamii inapaswa kuwa na fikra chanya."

Makofi. Kreti la kwanza lilikuwa na chupa ishirini na nne. Alizimaliza fikra chanya zikiwa bado zinaelezwa. Watu wa mbele walidhani ni mtu wa usalama. Mkewe, aliyekaa safu ya tatu na kanga yake nzuri, aliweka kiganja pajani pake mwenyewe, pale ambapo angemfinya.

"Pili, mfanyakazi ajiongeze. Tatu, mjiunge kwenye vikundi."

Kreti la pili. Mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri, wa pembeni, usio na makali. Mkono haukuwa na haraka. Kule mlangoni Injinia alisimama na mabuti yake, na alikuwa ameelewa. Aliacha kazi yake ikisifiwa kwenye kipaza sauti, akawa anaufuata ule mkono, chupa kwa chupa, na kila ilipoinuliwa moja aliinua nyusi: ipo? Na kila iliporudishwa aliziteremsha. Mtu asiyejua angesema na yeye anaomba iwepo.

"Nne, kuna fomu zitapita. Mzijaze kwa uaminifu. Na tano, ndugu zangu, uvumilivu."

Kreti la tatu. Zikabaki kumi. Tano. Saa ilikuwa imebakisha dakika mbili. Kwenye moja alidhani ameona kitu. Aliifuta kwa pindo la shati lake la ualimu, ikawa ni alama ya kidole chake mwenyewe, kwa nje. Aliirudisha. Akachukua ya mwisho.

Shemeji alikuwa ameshafika mezani kwake na kipaza sauti, anatabasamu kwa meno yote ya kamati. Mgeni rasmi alimgeukia kwa upole mkubwa, upole wa mtu aliyemaliza.

"Na sasa tumsikie mwalimu wetu, maana haya yanamhusu yeye kuliko sisi sote. Mzee, katika hayo matano, unaona jamii ianze na lipi?"

Kipaza sauti kilikuwa kidevuni. Jicho aliizungusha chupa mara ya nne, juu, dhidi ya mwanga, kisha akaiteremsha, akaiweka mezani polepole mbele ya mheshimiwa.

"Safi," alisema. "Zote ni safi."